Soko la mbwa wa mbegu: Cheti si hati ya afya

Mfanyabiashara mwenye ghala la dagaa Musoma, au stoo ya saruji Bunda mjini, anapoamua kununua mbwa wa ulinzi huwa na maswali mawili. La kwanza ni bei. La pili ni kama mbwa huyo ni "damu safi". Swali la tatu, ambalo ndilo lililobeba fedha, huulizwa mara chache: wazazi wake wana undugu kiasi gani, na je, walipimwa nyonga kabla ya kupandishwa?

Swali hilo si la wapenda wanyama peke yao. Mbwa wa mbegu hununuliwa kwa mtaji, hugharimiwa kila siku kwa chakula na dawa, na hutarajiwa kufanya kazi miaka minane au kumi. Akianza kuburuta miguu ya nyuma katika mwaka wa pili, hakuna soko la kumuuza tena. Hasara yote hubaki kwa mnunuzi, ilhali muuzaji alikwishapokea taslimu yake mtoto wa mbwa akiwa na wiki nane.

Chukua mfano wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi Bunda. Amepiga hesabu akaona kwamba German Shepherd mmoja anatosha kulinda uani, lakini akinunua wawili, dume na jike, atalinda uani na wakati huo huo ataanzisha mradi. Muuzaji anamshauri achukue "pea" ya uzao mmoja kwa bei ya kuelewana. Kwa hesabu ya dukani shughuli hiyo ni nzuri: nauli moja, chanjo kwa pamoja, na baada ya mwaka mmoja na ushei kuna watoto wa kuuza. Kwa hesabu ya damu, mradi huo umeanza na deni.

HESABU YA DAMU

Kila mnyama hupokea nakala mbili za kila kinasaba, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Magonjwa mengi ya kurithi hayaonekani pale nakala moja inapokuwa mbovu na nyingine nzima, kwa kuwa nzima huendelea na kazi. Hujitokeza pale zote mbili zinapokuwa mbovu. Wazazi wasio na undugu ni nadra kubeba kasoro ile ile. Walio ndugu wamechota chungu kimoja.

Wataalamu wa uzalishaji huupima undugu huo kwa asilimia. Dume na jike wa tumbo moja wakipandishwa, watoto wao huwa na kiwango cha 25, maana yake ni kwamba robo ya vinasaba vyao inatarajiwa kuwa na nakala mbili zilizofanana kabisa, zilizotoka kwa mhenga mmoja. Baba akimpanda binti yake, kiwango ni hicho hicho cha 25. Ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali ni 12.5, na watoto wa binamu kwa binamu ni 6.25. Viwango hivi ni kwa wazazi ambao ukoo wao ulianza ukiwa safi. Iwapo mababu nao walikuwa ndugu, deni la zamani hujumlishwa juu ya jipya, mithili ya riba ya mkopo ambao haujaguswa.

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Musoma na Butiama hawahitaji kufundishwa jambo hili. Dume la kikundi huhamishiwa kijiji kingine kabla mabinti zake hawajafikia umri wa kupandwa, na anayetumia mbegu kutoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji (NAIC) kilichopo Usa River, Arusha, hupata namba ya dume iliyotoa mbegu hiyo. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akienda kununua mbwa huiacha elimu hiyo nyumbani.

CHETI KILIVYOANZA

Cheti cha ukoo wa mbwa hakikubuniwa kulinda afya. Kilibuniwa kulinda sura na jina. German Shepherd mwenyewe ana tarehe ya kuzaliwa kama kampuni: mwaka 1899 Max von Stephanitz, ofisa wa zamani wa kikosi cha wapanda farasi cha Ujerumani, alinunua mbwa mmoja maonyeshoni, akampa jina Horand von Grafrath na kumwandika wa kwanza katika daftari la jamii mpya. Horand, watoto wake na wajukuu wake walipandishwa wao kwa wao ili umbo na tabia vishike. Vilishika kweli, na kazi ya kuchunga kondoo na baadaye ya polisi iliwachuja wale wasiofaa. Miaka ilivyokwenda, maonyesho yakawa na nguvu kuliko malisho, na katika baadhi ya koo mgongo ulioteremkia nyuma ukawa ndio wenye bei.

Daftari la namna hiyo likishafungwa, hakuna damu mpya inayoingia. Kila bingwa anaposhinda, wenye majike hukimbilia kwake, na kizazi kinachofuata huwa na baba mmoja na mama wengi. Watafiti wa Imperial College ya London walichapisha mwaka 2008 uchambuzi wa madaftari ya Uingereza kwa jamii 10 za mbwa. Katika jamii nane kati ya hizo, ingawa mbwa walioandikishwa ni maelfu kwa maelfu, utofauti wa damu ulilingana na ule wa kundi la mbwa 40 hadi 80 tu wanaozaliana.

Mwaka huo huo wa 2008 televisheni ya BBC ilionyesha filamu iliyoitwa Pedigree Dogs Exposed kuhusu maradhi ya mbwa wa maonyesho, na baadaye ikaacha kutangaza maonyesho maarufu ya Crufts. Kennel Club ya Uingereza, mwandaaji wa maonyesho hayo, ilitangaza mwaka 2009 kwamba haitaandikisha tena watoto wa mbwa waliotokana na kaka na dada wa tumbo moja, wala mzazi na mtoto wake. Kwa maneno mengine, "pea" ya mfanyabiashara wa Bunda ingekataliwa London. Januari 2010 Profesa Patrick Bateson wa Cambridge alitoa taarifa ya uchunguzi wake juu ya ufugaji wa mbwa nchini humo. Norway ilikwenda mbali zaidi. Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba kuzalisha jamii ya Cavalier King Charles, ambayo husumbuliwa na moyo na fuvu dogo kuliko ubongo, ni kinyume cha sheria ya ustawi wa wanyama.

Katika ukanda huu, cheti kinachojulikana ni kile cha East Africa Kennel Club ya Nairobi, na mbwa wengi wanaosifiwa kwa "makaratasi" hutajwa kuwa na asili ya huko. Karatasi hiyo ina manufaa yake kwa anayejua kuisoma. Mnunuzi aangalie majina ya vizazi vitatu au vinne upande wa baba, kisha ayatafute upande wa mama. Jina likijirudia pande zote mbili, undugu umejiandika wenyewe. Lakini cheti hakisemi kama nyonga ni nzima, na mbwa asiye na cheti kabisa hawezi hata kufanyiwa ukaguzi huo mdogo.

MIEZI 15 YA UAMINIFU

Kasoro inayowasumbua zaidi mbwa wakubwa wa ulinzi, wakiwemo German Shepherd, Rottweiler na Boerboel wa Afrika Kusini, ni nyonga iliyolegea. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa ndani ya kikombe chake, kiungo kinasagika, na mbwa huanza kuruka kwa miguu ya nyuma yote miwili kama sungura, kisha hukataa kupanda ngazi. Kasoro hiyo hurithiwa kupitia vinasaba vingi kwa pamoja, na ulishaji wa kupita kiasi katika miezi ya ukuaji huizidisha. Kwa macho haionekani kwa mtoto wa wiki nane. Huonekana kwa eksirei, mbwa akiwa amepewa dawa ya usingizi, na shirika la OFA la Marekani, linalopima nyonga za mbwa tangu 1966, halitoi cheti cha kudumu kabla mbwa hajatimiza miezi 24.

Hapo ndipo maadili yanapogongana na mzunguko wa fedha. Jike huweza kuingia joto la kwanza akiwa na miezi tisa hivi. Mimba ya mbwa ni siku 63, na watoto huuzwa wakiwa na miezi miwili. Asiyejali hupandisha joto hilo la kwanza na kupokea fedha jike lake likiwa na miezi 13. Mwaminifu husubiri eksirei ya miezi 24, na fedha yake ya kwanza huingia mwezi wa 28. Tofauti ni miezi 15 ya chakula, chanjo na dawa za kupe bila senti kuingia. Tena eksirei ikionyesha kasoro, mwaminifu anatakiwa amwondoe jike huyo kwenye uzalishaji na kuanza upya.

Kwa mtu wa Musoma kuna nauli pia. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) iko Morogoro, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Mzalishaji aliyebeba gharama zote hizo hawezi kuuza kwa bei sawa na jirani aliyefungia kaka na dada katika banda moja. Sokoni wote wawili wanasimama na mtoto mwenye masikio yaliyoanza kusimama na manyoya yanayong'aa, na mnunuzi anachagua wa bei nafuu. Soko la namna hiyo humfukuza mwaminifu taratibu.

KUPE NA MBUNG'O

Kwa mkoa wa Mara hesabu ina safu ya pili. Mbwa aliyetoka katika koo za Ulaya hukutana hapa na kupe wanaoleta homa ya mkojo mwekundu, na ugonjwa mwingine unaozuia damu kuganda hadi pua kutoa damu. Katika vijiji vya Bunda vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Pori la Akiba la Grumeti wapo mbung'o, na nagana humuua mbwa mgeni upesi: homa, macho kuwa na ukungu wa maziwa, kukonda, kufa. Jamii zenye pua bapa, kama vile Pug na Bulldog, zina tatizo lake. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na mwenye njia ya hewa iliyobanwa hukosa kipozeo jua la saa saba linapowaka. Mashirika mengi ya ndege hayakubali kuwabeba.

Mbwa wa boma la Butiama, yule anayeitwa koko na kutupiwa mfupa, ameishi na kupe hao vizazi kwa vizazi. Utafiti wa vinasaba vya mbwa wa asili wa Afrika uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta alama za damu iliyojizoesha kukabili vimelea vya nchi za joto. Haina maana kwamba koko haugui. Hufa wengi, hasa wadogo, kwa kukosa chanjo. Ila anayebaki amechujwa na mazingira yenyewe, na hakuna aliyemchagua kwa mteremko wa mgongo.

Nje ya mkoa, damu ya namna hiyo imewahi kutafutwa kwa gharama kubwa. Basenji ni mbwa wa vijijini wa Kongo, na jina lake linatokana na neno lile lile lililotupa "mbwa shenzi". Waingereza walimchukua miaka ya 1930 na mwaka 1937 alikuwa kivutio cha Crufts. Kundi zima la Ulaya na Marekani lilitokana na mbwa wachache mno. Matokeo yalikuja baadaye: kwanza ugonjwa wa kupungukiwa damu, ambao wafugaji waliupiga vita kwa kuwaondoa wote waliobeba kinasaba chake. Kwa kufanya hivyo walilipunguza tena kundi lililokuwa dogo tayari, na miaka ya 1970 ukajitokeza ugonjwa mwingine wa figo, uitwao Fanconi. Ndipo mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Kimarekani walipofunga safari hadi kaskazini mashariki mwa Zaire ya wakati huo kununua mbwa wa vijijini, wasio na karatasi yoyote. Mwaka 1990 American Kennel Club ilikubali kufungua daftari lake na kuwaingiza mbwa 14. Daftari lilifunguliwa tena kuanzia 2009 hadi mwisho wa 2013.

Kwa hiyo klabu iliyojengwa juu ya usafi wa ukoo ilifika mahali ikaomba damu kwa mbwa wa kijijini. Kwa mwekezaji wa Mara hilo ni jambo la kutafakari kabla hajawaita mbwa wa jirani takataka.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Tangu mwaka 2018 shirika la Grumeti Fund, likisaidiana na Working Dogs for Conservation ya Marekani, limekuwa na kikosi cha mbwa wa kunusa pembe, nyamapori na silaha katika mapori yanayopakana na Serengeti. Mbwa walioanzisha kikosi hicho walitoka katika vituo vya Marekani vinavyohifadhi mbwa waliotelekezwa. Walichaguliwa kwa pua, afya na hamu ya kazi. Ghala la saruji linahitaji sifa hizo hizo.

GHARAMA KWA JIRANI

Anayeanzisha banda la mbwa katika wilaya hizi hafanyi biashara yake peke yake. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, ambao walikuwa karibu 3,000, na watafiti walielekeza kidole kwa mbwa wa vijiji vilivyozunguka hifadhi. Tangu hapo kampeni za chanjo zimekuwa zikifika vijiji hivyo. Kichaa cha mbwa ni hatari zaidi kwa binadamu, na hukatika pale asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanapochanjwa. Watoto wa mbwa wanaopakiwa kwenye basi kutoka Mwanza au kuvushwa Sirari bila kadi ya chanjo wanabeba hatari hiyo hadi uani kwa mnunuzi. Chanjo ya distempa na parvo huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Ya kichaa hutolewa akiwa na miezi mitatu. Muuzaji anayesema mtoto wa wiki nane "amemaliza chanjo zote" hasemi kweli.

Sheria zipo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima. Aidha, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza mfanyabiashara kazi anayoinunulia bidhaa na kutegemea ujuzi wake: bidhaa hiyo inatakiwa iifae kazi hiyo. Ulinzi huo ni dhaifu kama hakuna maandishi. Mbwa wengi huuzwa kwa simu na fedha mkononi, bila stakabadhi inayotaja hata jina la mama yake.

Maandishi yanayotakiwa si mengi. Namba au majina ya baba na mama, picha ya nyonga zao pamoja na tarehe, kadi ya chanjo yenye muhuri wa daktari wa mifugo, na kipengele kinachosema kwamba mbwa akionekana na nyonga mbovu kabla ya miezi 24 muuzaji atarudisha sehemu ya bei. Mzalishaji anayewajua mbwa wake atakitia saini kipengele hicho, pengine kwa kudai bei ya juu kidogo, na bei hiyo ni halali. Mnunuzi naye anaweza kupendekeza malipo ya awamu mbili, ya pili baada ya eksirei. Ng'ombe huuzwa kwa masharti magumu kuliko hayo katika minada ya mkoa huu.

Kwa yule mwenye duka wa Bunda, gharama ya kurekebisha bado ni ndogo maadamu hajalipa. Amchukue jike, amwache kaka yake, na dume amtafute kwa mzalishaji mwingine asiyeshiriki babu wala bibi na jike huyo. Au achanganye: jike wa mbegu kwa dume la boma lenye afya, kama ambavyo Friesian na zebu huzaa chotara wa maziwa anayestahimili kupe. Watoto hao hawatakuwa na cheti na bei yao itakuwa chini, lakini wanunuzi wengi wa Mara wanahitaji mlinzi wa usiku tu. Akishikilia mbegu safi, aweke kwenye daftari lake kwamba mauzo ya kwanza ni mwezi wa 28, na akiba ya chakula ya miezi yote hiyo aitenge kabla ya kutoa malipo ya awali.